Nguo ya Kuazima Iliyositiri: Jinsi Bendi za Roki za Miaka ya Sabini Zilivyofundishana Nyimbo Kabambe

Mtoto aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 akaitwa Farrokh Bulsara ndiye aliyetunga mojawapo ya nyimbo za ajabu kuliko zote katika muziki wa roki. Dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury. Wazazi wake walikuwa Waparsi, na baba yake alikuwa mtunza fedha katika utumishi wa serikali ya Waingereza. Akiwa bado mdogo alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Alirudi Zanzibar mwaka 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ilihamia Feltham, kitongoji cha London kilicho karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Kabla hajawa nyota, Freddie alikuwa kijana wa familia ya wahamiaji, kama vijana wengi wanaosoma ukurasa huu.

Watoto wa siku hizi, wawe Muscat, Leicester au Minneapolis, wengi wamemjua kupitia filamu ya mwaka 2018 iliyobeba jina la wimbo wake mkubwa, "Bohemian Rhapsody". Wimbo huo ulitoka mwaka 1975 na una dakika karibu 6. Hauna kiitikio cha kurudiwarudiwa. Unaanza kwa sauti za kwaya, unaingia kwenye piano na masikitiko, unageuka opera ya vichekesho, unalipuka kwa gitaa kali, kisha unatulia na kufifia. Katikati ya opera hiyo linasikika neno ambalo mtoto wa pwani hulitamka kabla ya kutia tonge mdomoni: Bismillah.

Tunapousimulia wimbo huu, wengi wetu husema kwamba hakuna mtu aliyewahi kufanya kitu kama hicho. Ni sifa nzuri, lakini si kweli, na ukweli wenyewe unapendeza zaidi. Wimbo ule una baba, mama, wajomba na binamu. Ulitokea katika kipindi cha miaka kama kumi ambapo bendi za Uingereza na Marekani zilisikilizana kwa masikio makali, zikaoneana wivu, zikaazimana vyombo, wapigaji na hata mahadhi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Bendi hizi ziliazima nguo, zikaifumua, zikaikata upya, na mara nyingi ikasitiri. Mara nyingine haikusitiri, na mwenye nguo akaja kuidai.

Ushindani wa kuvuka bahari

Ili kuielewa miaka ya sabini, turudi nyuma kidogo, hadi Desemba 1965. Mwezi huo Beatles, vijana wa Liverpool, walitoa albamu ya Rubber Soul. Huko California, Brian Wilson, mtunzi wa bendi ya Beach Boys aliyekuwa na miaka 23, aliisikiliza akashtuka. Siku zile albamu nyingi zilikuwa na nyimbo mbili tatu za kuuzia, na zilizobaki ni za kujazia nafasi. Hii ilikuwa nzuri mwanzo hadi mwisho. Wilson akaapa kutengeneza albamu iliyo bora zaidi, na jibu lake, Pet Sounds, likatoka Mei 1966.

Pet Sounds ilipofika London, ikawa zamu ya Paul McCartney kushtuka. Tangu hapo amekuwa akiisifu kila anapoulizwa. George Martin, prodyuza wa Beatles, alikiri wazi kwamba bila albamu hiyo ya Wamarekani, Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya mwaka 1967 isingekuwapo.

Katikati ya majibizano hayo Wilson alitoa wimbo mmoja uliobadilisha kanuni. "Good Vibrations", wa Oktoba 1966, hauzidi dakika 4, lakini ulirekodiwa vipande vipande tangu Februari hadi Septemba, katika studio nne tofauti. Kisha Wilson akavikata vipande vya kanda na kuviunganisha, kama fundi cherehani anayeunga vitambaa vya rangi mbalimbali. Kabla ya hapo, wimbo wa kawaida ulikuwa na ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio. Sasa ilionekana kwamba wimbo unaweza kuwa safari: unaingia chumba hiki, unatoka, unaingia kingine chenye hewa tofauti kabisa.

Beatles nao wakafuata njia hiyo kwa namna yao. Katika "A Day in the Life", wimbo wa mwisho wa Sgt. Pepper, waliunga kipande cha John Lennon na kipande cha McCartney ambavyo havikuwa na uhusiano wowote. Ili kujaza pengo la katikati, waliita wanamuziki 40 wa okestra na kuwaambia waanze na sauti ya chini kabisa ya vyombo vyao, wapande taratibu hadi ya juu kabisa.

Ushindani huu ulikuwa na gharama yake. Wilson alikuwa akitengeneza albamu nyingine, Smile, iliyokusudiwa kupita yote yaliyotangulia. Shinikizo lilikuwa kubwa, afya ya akili yake ikadhoofika, wenzake wakatilia shaka kazi hiyo, na mwaka 1967 mradi ukaachwa. Alikuja kuukamilisha kwa jina lake mwenyewe mwaka 2004, miaka 37 baadaye. Wazazi wenye watoto wanaosoma katika shule za ushindani mkali wataelewa: hamu ya kumpita mwenzako humwinua mtu, na hamu hiyo hiyo inaweza kumwangusha.

Kanda, mashine na kichochoro cha Soho

Mawazo peke yake hayatoshi. Fundi anahitaji zana, na zana zilikuwa zikibadilika mwaka hadi mwaka. Sgt. Pepper ilirekodiwa kwenye mashine za kanda zenye njia nne tu. Maana yake ni kwamba sauti nne zingeweza kuwekwa kila moja mahali pake. Ukitaka ya tano, ilibidi uzichanganye zile za kwanza ziwe moja, na ukishachanganya huwezi kuzitenganisha. Mwaka 1968 studio ya Trident, iliyokuwa katika kichochoro cha mtaa wa Soho, London, ilikuwa na mashine ya njia nane, na Beatles walikwenda huko kurekodi "Hey Jude". Miaka michache baadaye zikaja njia 16, kisha 24. Kila zilipoongezeka, mtunzi alipata nafasi ya kujenga ghorofa nyingine.

Trident yenyewe ni mfano mzuri wa jinsi maarifa yalivyosafiri. Baada ya Beatles, Genesis walirekodi hapo. David Bowie akarekodi hapo. Na mwaka 1972 bendi changa isiyo na fedha, Queen, ilirekodi hapo saa ambazo wateja wakubwa hawakuwapo, mara nyingi usiku wa manane. Freddie Mercury na wenzake walijifunzia kazi ndani ya kuta zilezile, kwa mashine na mafundi waliokwisha kuwahudumia wakubwa wao.

Maarifa yalisafiri na mafundi pia. Alan Parsons alikuwa fundi msaidizi kijana wakati Beatles wanarekodi Abbey Road mwaka 1969, albamu ambayo upande wake wa pili una nyimbo fupi zilizoungwa kuwa mfululizo mmoja wa dakika kama 16. Miaka michache baadaye Parsons huyo huyo ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa sauti wa The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, albamu ya mwaka 1973 ambayo nyimbo zake nazo zinaingiliana bila kupumzika. Pink Floyd wenyewe walirekodi albamu yao ya kwanza mwaka 1967 katika jengo lilelile la Abbey Road, wakati Beatles wakiwa chumba kingine wanamalizia Sgt. Pepper.

Kisha kuna chombo kiitwacho Mellotron. Kwa nje ni kinanda. Kwa ndani, kila kidude unachokibonyeza kinavuta ukanda mfupi wenye sauti halisi iliyorekodiwa: fidla, filimbi, au kwaya. Kijana mmoja wa Birmingham, Mike Pinder, aliwahi kufanya kazi katika kampuni iliyotengeneza vinanda hivyo. Baadaye alikiingiza chombo hicho katika bendi yake, Moody Blues, na ndiye aliyewajulisha Beatles habari zake. Wao wakakitumia mwanzoni mwa "Strawberry Fields Forever". Kutoka hapo kikaenda kwa King Crimson, kwa Genesis na kwa Yes. Kwa miaka kadhaa, bendi ya vijana wanne au watano ingeweza kusikika kama ina okestra nzima nyuma yake.

Bendi zilizotiana shime

Julai 1969, kundi ambalo lilikuwa halijatoa hata santuri moja lilipiga Hyde Park, London, mbele ya umati mkubwa uliokuja kuwaona Rolling Stones. Kundi hilo lilikuwa King Crimson. Oktoba mwaka huo likatoa albamu ya kwanza, In the Court of the Crimson King, na wanamuziki wengine wa London wakajua kwamba kiwango kimepandishwa. Pete Townshend wa The Who, ambaye mwaka huohuo alikuwa ametoa Tommy, hadithi nzima iliyosimuliwa kwa nyimbo, aliisifu hadharani.

Townshend naye alikuwa amesukumwa. Mwaka 1966 albamu ya The Who ilikuwa na pengo la karibu dakika 10. Meneja na prodyuza wao, Kit Lambert, mtoto wa mtunzi wa muziki wa okestra, alimshauri alijaze kwa hadithi moja ndefu badala ya nyimbo tatu fupi. Matokeo yalikuwa "A Quick One, While He's Away", opera ndogo yenye vipande sita. Bila opera hiyo ndogo, Tommy ingekuwa vigumu kufikirika.

Kufikia mwaka 1972 mashindano ya urefu na ufundi yalikuwa yamefika kileleni. Yes walitoa "Close to the Edge", wimbo mmoja uliojaza upande mzima wa santuri. Genesis wakatoa "Supper's Ready", wa dakika kama 23. Pink Floyd walikuwa wamekwisha toa "Echoes", wenye urefu kama huo, mwaka mmoja kabla. Kisha wakaja Jethro Tull na mzaha. Wahakiki walikuwa wameiita albamu yao ya 1971, Aqualung, hadithi moja yenye dhamira kuu, ingawa kiongozi wao Ian Anderson alikana. Basi akasema, kama mnataka hadithi moja, nitawapa mama wa hadithi zote. Thick as a Brick ya 1972 ni wimbo mmoja unaojaza pande zote mbili za santuri, ndani ya jalada lililotengenezwa kama gazeti la mji mdogo. Ilikusudiwa kuwatania wenzake. Lakini mzaha uliofanywa kwa ustadi hugeuka kazi ya kweli, na wapo wanaouhesabu kuwa miongoni mwa kazi bora za kipindi hicho.

Watu nao walihama. Bill Bruford alipiga ngoma za "Close to the Edge", kisha akaiacha Yes ikiwa inapanda chati ili ajiunge na King Crimson, kwa sababu huko angejifunza zaidi. Mwaka 1976 akawa anazunguka na Genesis. Wasomaji waliokulia Dar es Salaam hawatashangaa. Nao walimwona Muhiddin Maalim Gurumo akitoka bendi ya NUTA kwenda Mlimani Park, na mashabiki wa Msondo na wa Sikinde wakibishana hadi leo. Mwanamuziki anapohama, hahami na nguo zake tu. Anahama na kila alichokisikia alikotoka.

Kuazima na kudaiana

Je, mpaka kati ya kuathiriwa na kuiba uko wapi? Hapa kuna visa vinne, na kila kimoja kina jibu lake.

Cha kwanza ni cha amani. Deep Purple wa Uingereza walisikia "Bombay Calling", kipande cha fidla cha bendi ya San Francisco iliyoitwa It's a Beautiful Day. Wakaanza kukicheza polepole, wakakigeuza, na mwaka 1970 kikatoka "Child in Time", wimbo wa dakika 10 wenye mayowe yanayosisimua hadi leo. Mwimbaji wao Ian Gillan ameeleza asili hiyo bila kificho. Na Wamarekani? Katika albamu yao ya mwaka huohuo wa 1970 walitoa kipande kinachofanana sana na "Wring That Neck", wimbo wa Deep Purple wa mwaka 1968. Wewe umechukua changu, nami nimechukua chako, mambo yakaisha.

Cha pili kina utani. "Hotel California" ya Eagles, iliyotoka kwenye albamu ya Desemba 1976, ina mfuatano wa sauti za gitaa unaokaribiana na ule wa "We Used to Know", wimbo wa Jethro Tull wa 1969. Eagles walikuwa wamefungua maonyesho ya Jethro Tull mwaka 1972. Lakini Don Felder, aliyebuni mfuatano huo, alijiunga na Eagles mwaka 1974, kwa hiyo hakuwamo katika ziara ile. Ian Anderson hakushtaki. Alisema hauoni kuwa wizi, na kwamba mifuatano kama hiyo ni mali ya wote.

Cha tatu kilifika mahakamani. Desemba 1968 Led Zeppelin walipiga onyesho lao la kwanza Marekani, mjini Denver, na siku hiyo bendi ya Spirit nayo ilikuwa jukwaani. Mwaka huohuo Spirit walikuwa wametoa "Taurus", kipande kifupi cha gitaa cha Randy California. Mwaka 1971 Led Zeppelin wakatoa "Stairway to Heaven", wimbo wa dakika 8 unaoanza na gitaa pweke na kupanda ngazi kwa ngazi hadi kwenye kishindo. Mwanzo wake uliwakumbusha wengi ule wa "Taurus". Randy California alifariki mwaka 1997 huko Hawaii, akizama baharini baada ya kumwokoa mtoto wake wa miaka 12. Kesi ilifunguliwa mwaka 2014 na msimamizi wa mali zake. Mwaka 2016 jopo la Los Angeles liliamua kwamba nyimbo hizo hazifanani vya kutosha kisheria, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikaukubali uamuzi huo. Kwa kuwa sheria ya zamani ililinda tu kile kilichoandikwa kwenye karatasi, jopo halikuruhusiwa kulinganisha santuri zenyewe. Mpiga gitaa Jimmy Page alipotoa ushahidi alitaja hata wimbo wa "Chim Chim Cher-ee" kutoka filamu ya watoto ya Mary Poppins, kuonyesha kwamba mteremko kama huo wa sauti umekuwapo kwa wengi kabla yake.

Cha nne ndicho kizito. Led Zeppelin hao hao, katika "Whole Lotta Love" ya 1969, walitumia maneno yaliyotoka kwenye "You Need Love", wimbo wa Willie Dixon, mtunzi Mweusi wa bluzi aliyezaliwa Mississippi na kufanya kazi Chicago. Jina lake halikuwekwa kwenye santuri iliyouzwa kwa mamilioni. Dixon alishtaki miaka ya themanini, wakapatana nje ya mahakama mwaka 1987, na leo jina lake limo miongoni mwa watunzi. Tofauti na kisa cha Deep Purple iko wazi. Pale bendi mbili zilikuwa ngazi moja, na kila moja ilikuwa na njia ya kujilipa. Hapa mmoja alikuwa tajiri anayejaza viwanja, na mwingine alingoja karibu miaka 20 kutambuliwa.

Ndiyo maana Fela Kuti hakukosea kuuliza swali lake. Mwaka 1973 Paul McCartney alikwenda Lagos, Nigeria, kurekodi albamu ya Band on the Run, ambayo wimbo wake mkuu nao umeungwa kwa vipande vitatu tofauti. Fela alimtuhumu hadharani kwamba amekuja kuiba muziki wa Waafrika. McCartney alimwalika studio, akampigia nyimbo alizokuwa amerekodi, na Fela akaridhika kwamba hakuna kilichochukuliwa. Swali lilikuwa halali, na jibu sahihi lilikuwa kufungua kanda watu wasikie.

Mwaka 1975: zamu ya mtoto wa Unguja

Sasa turudi kwa Freddie. Machi 1975 bendi ya 10cc, ya huko Stockport karibu na Manchester, ilitoa albamu ya The Original Soundtrack. Wimbo wa kwanza, "Une Nuit à Paris", ni opera ndogo ya kuchekesha ya zaidi ya dakika 8, yenye sauti nyingi zinazojibizana. Katika albamu hiyohiyo kulikuwa na "I'm Not in Love". Ili kuupata ule ukungu wa sauti unaousikia nyuma, waimbaji watatu waliimba kila noti mara 16, zikapatikana sauti 48 kwa kila noti, na kazi hiyo iliwachukua wiki tatu. Juni mwaka huo wimbo ulikuwa nambari 1 Uingereza.

Agosti 1975 Queen waliingia studio ya Rockfield, huko Wales, kuanza "Bohemian Rhapsody". Wapenzi wengi wa muziki wanaposikiliza opera ya 10cc halafu ya Queen, husikia undugu. Lakini Queen hawakuanzia hapo. Mwaka 1974 walikuwa wamekwisha toa "The March of the Black Queen", wimbo wa Freddie wa dakika zaidi ya 6 unaoruka kutoka kipande hadi kipande, kama mazoezi ya jambo kubwa linalokuja. Na Freddie alikuwa amebeba mengine: mapenzi yake kwa Jimi Hendrix tangu alipokuwa mwanafunzi wa sanaa Ealing, na ziara ya mwaka 1973 ambapo Queen walikuwa wafunguzi wa Mott the Hoople.

Walichoongeza kilikuwa chao. Freddie, Brian May na Roger Taylor, watu watatu tu, waliimba sehemu ya opera tena na tena, saa 10 hadi 12 kwa siku, kwa wiki kama tatu. Sauti ziliwekwa juu ya sauti kiasi cha mara 180. Kanda ilipitishwa kwenye mashine mara nyingi hivi kwamba, kwa maelezo ya May, ukiishika mbele ya taa ungeona mwanga upande wa pili. Wengine waliounga vipande waliacha mishono ionekane. Queen walihakikisha kwamba masikitiko ya mwanzo yanazaa kichekesho cha katikati, na kichekesho kinazaa hasira ya gitaa, hadi msikilizaji anafika mwisho akiwa amechoka kama aliyetoka kwenye ugomvi wa kweli.

Kampuni ya santuri ilisema ni mrefu mno kwa redio. Mtangazaji wa London, Kenny Everett, aliupiga mara 14 katika siku mbili za mwisho wa wiki, na wasikilizaji wakaanza kuuulizia madukani. Ulitoka rasmi tarehe 31 Oktoba 1975, ukakaa nambari 1 Uingereza kwa wiki 9. Freddie alipofariki Novemba 1991, ulirudi nambari 1 mara ya pili.

Mwaka 1976, huko California, mtu mmoja aliusikia akausifu mno katika mazungumzo na waandishi wa habari, akisema ni utimilifu wa kile vijana walichokuwa wakikiombea: muziki wa kisanii hasa. Mtu huyo alikuwa Brian Wilson. Njia aliyoifungua miaka 10 kabla, ya kuunga vipande vya kanda kuwa safari moja, ilikuwa imemrudia kupitia kwa kijana wa Zanzibar.

Kukataa nako ni kujibu

Haikuchukua muda, kizazi kipya kikachoka. Mwaka 1976 na 1977 bendi za panki za London zilisema nyimbo za dakika 23 ni majivuno ya matajiri. John Lydon wa Sex Pistols alijulikana kwa fulana ya Pink Floyd aliyoiandikia juu yake kwamba anawachukia. Lakini hata fulana ile ilihitaji Pink Floyd. Nyimbo za dakika 2 na nusu zilikuwa jibu kwa nyimbo ndefu, kama Pet Sounds ilivyokuwa jibu kwa Rubber Soul.

Sikilizeni pamoja

Mkiwa na jioni moja ya mapumziko, jaribuni hivi nyumbani. Anzeni na "Good Vibrations", mwambieni kila mtoto ahesabu mara ngapi wimbo unabadilika. Fuatisheni "A Day in the Life", mtafute pale kipande cha Lennon kinapokutana na cha McCartney. Pigeni "Bombay Calling" na mara moja baada yake "Child in Time", halafu muulizane: huyu ameiga, au amejenga? Kisha "Une Nuit à Paris", na mwisho "Bohemian Rhapsody". Kwa wale wenye wanafunzi wa sekondari au chuo, waulizeni pia kuhusu Willie Dixon, kwa sababu wao kila siku wanaandika insha na kutakiwa kutaja walikochukua mawazo. Sheria ya shule na adabu ya muziki hapo zinakutana: chukua, ongeza chako, na mtaje mwenyewe.

Na neno lile la Bismillah likifika, mwacheni bibi au babu aliye sebuleni alisikie. Atakuwa na la kusema.